Kiti cha Kirangozi

Jumanne, 8 Julai

Vifungo tangu asubuhi. Mashati ya shule, meupe, yanachosha macho. Baridi imeng'ang'ania hapa Cheyo, nimeshona na sweta mwilini. Sweta lenyewe halina kifungo cha chini tangu mwaka juzi. Fundi wa nguo za watu.

Saa nne akaja Mwalimu Faraja, yule anayefundisha sanaa chuoni. Shikamoo mbili, moja mlangoni na nyingine alipokwisha kukaa. Wanafufua mchezo wetu, Kisima cha Njiani. Utachezwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Ametafuta watu wa kundi la zamani, akanipata mimi tu. Wengine wamekufa, wengine wamehamia kwa watoto wao huko mbali. Anataka niwakumbushe wimbo na mwendo.

Nimemwambia sitakaa pembeni kukumbusha watu. Nitacheza. Kirangozi ni mimi.

Akanitazama magoti. Halafu akasema sawa, Bibi Tereza. Nimefurahi mpaka mboga imeungua.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeamka na mchezo mzima kichwani. Wapagazi wanatoka Unyanyembe kwenda Pwani. Mbele anatembea kirangozi, mwenye kuijua njia na kuanzisha wimbo. Wakifika Ugogo maji yamewaishia. Kisimani amekaa Mgogo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na hatoi tone mpaka kirangozi amshinde kwa utani. Hapo ndipo penyewe. Ngoma, mizigo, nyimbo, vyote ni safari ya kufika kisimani.

Nafasi ya kirangozi ilikuwa ya mwanamume. Akahamishwa kikazi wiki ya kwanza ya maonyesho, na mimi nilikuwa mrefu kuliko wote, na sauti ya kuitia ng'ombe. Nikafunga shuka kiunoni, mzigo begani, nikaongoza msafara. Tulizunguka stesheni kwa stesheni. Kigwa tulichezea kwenye jukwaa la mizigo. Treni ya abiria ikasimama, watu wakashuka kutazama, wakakataa kupanda mpaka tumalize. Mkuu wa treni mwenyewe alikuwa amekaa chini anacheka. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Mgogo wa kisimani alikuwa Chibago. Mgogo kweli, fundi wa reli. Maneno ya pale kisimani hayakuandikwa kamwe. Kila siku alikuja na mapya, nami nikamjibu papo kwa papo. Utani ukiuandika umekufa.

Jumamosi, 12 Julai

Mazoezi ya kwanza, ule ukumbi wa zamani karibu na stesheni. Vijana wazuri. Wanaimba kuliko tulivyoimba sisi, niseme ukweli.

Faraja kaniletea kiti cha plastiki, chekundu, chenye mikono. Hakuna mwingine aliyepewa kiti. Na soda juu.

Mgogo wao anaitwa Yona, fundi simu pale sokoni, mtu mzima mwenye mke. Baba Mgogo, mama Mgogo, kazaliwa hapa hapa Tabora. Sauti nzito, uso wa kucheka. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Tukafika kisimani. Nikasimamisha msafara, nikaomba maji kwa jeuri kama inavyotakiwa. Yona akanitazama. Akainama kidogo. Akasema, "Shikamoo, Bibi."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 16 Julai

Leo Yona kajitahidi. Kasema ninyi Wanyamwezi mnakula sana, samahani Bibi. Sijapata kusikia utani wenye samahani ndani yake. Nikamtupia wa kwangu, kwamba kwao Ugogo hata ndege wakija wanakuja na chakula walichofungasha nyumbani. Akasema asante, Bibi.

Asante!

Nimerudi kwa miguu peke yangu kwa hasira, nikakataa kusindikizwa.

Ijumaa, 18 Julai

Faraja amekuja na machungwa. Nilijua kuna jambo. Anasema onyesho la kisimani halisimami. Yona hawezi kumtania mtu wa umri wa bibi yake. Basi afadhali kirangozi awe msichana mmoja wa chuo, Yona afunguke mdomo, na mimi nikae mstari wa mbele nikiwa mgeni wa heshima. Watanivika kitenge. Atanitaja jina kwa kipaza sauti.

Kasema kwa upendo kabisa, macho yamemlegea. Hilo ndilo linaloniuma. Wangenidharau ningejua pa kuanzia. Watu wanaonitoa jukwaani kwa kuniheshimu nitapigana nao vipi?

Nimeomba muda. Kanipa mpaka Jumamosi ijayo. Machungwa sijayagusa.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani nimemkumbuka Chibago badala ya kusikiliza mahubiri.

Siku ya kumzika nilifanya kazi yangu ya utani vizuri. Nilijilaza juu ya lile tuta la udongo nikagoma, hazikwi mtu mpaka niletewe kuku. Nikatangaza kwa sauti kwamba Mgogo ni Mgogo tu, hata kaburi kaliomba kwa Wanyamwezi. Mjane wake alikuwa analia, akacheka, akalia tena, akashika mkono wangu. Walileta kuku. Nilimla na watoto wa marehemu, tukashiba wote.

Tulikuwa tumekubaliana yeye ndiye atakayekuja kufanya fujo kwenye maziko yangu. Akatangulia. Sijaona Mgogo wa kutimiza ahadi.

Sasa nani? Waliobaki wote wananiamkia. Nitazikwa kimya, kila mtu kashika mikono nyuma. Sitaki. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kumwambia bila kuanza kubembelezwa.

Jumatano, 23 Julai

Msiba kule Ntalikwa. Mzee mmoja Mnyamwezi, mkulima, alikuwa akiniletea suruali zake nizitie viraka. Nimekwenda kuzika.

Nani yupo pale? Yona na mama yake. Kavaa mabuti ya marehemu na kofia ya marehemu, anatembea uani kwa ule mwendo wa marehemu wa kuburuta kisigino, anauliza kwa sauti ya marehemu nani kala karanga zake. Watu hoi. Mjane kajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka. Mama yake Yona kamficha mchimba kaburi jembe lake. Utani wa haki kabisa. Sijaona mwingine mzuri hivyo tangu Chibago.

Akageuka, akaniona. Kofia ikavuliwa. Goti likapinda. Shikamoo, Bibi.

Kumbe anaweza! Marehemu anamwona mtani wake, mimi ananiona picha ya ukutani. Nimekasirika kuliko siku zote. Na nimepata akili.

Alhamisi, 24 Julai

Yona kaingia mazoezini, kaniamkia. Sikuitikia.

Kaniamkia tena, pengine Bibi hakusikia. Nikamtazama tu.  Katika mji huu unaweza kumnyima mtu chakula akakusamehe, siyo marahaba. Faraja alishika mdomo. Hata mimi ulimi uliwasha, maana miaka yote hii neno hilo linatoka lenyewe.

Nikanyanyuka kwenye kiti chao chekundu, nikamvua Yona kofia yake, nikaivaa. Nikamwambia, "Mtumwa wangu, kofia hii nimeiteka. Utaikomboa kwa maneno. Shikamoo zako kaziuze sokoni."

Anajua sheria. Watani huitana watumwa, na mtani akichukua kitu chako hunyang'anyi wala hununi, unakikomboa. Jasho likamtoka na baridi hii. Kaondoka kichwa wazi.

Ninalala na raha mbaya.

Jumamosi, 26 Julai

Siku ya Faraja kuamua. Yona kaja bila kofia, mimi ninayo kichwani. Tukafika kisimani. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kofia imenikaa vizuri, Bibi, kichwa cha Mnyamwezi kimezoea kubeba visivyo vyake.

Vijana wakaguna kwa mshituko. Nzuri! Chibago angeipigia makofi. Sikumwonyesha. Na neno Bibi lilikuwa bado lipo katikati, kama jiwe kwenye wali. Kofia nimebaki nayo.

Faraja amekubali nicheze. Lakini kwa sharti. Goti langu linamtisha, juzi mazoezini aliniona nimeshika ukuta. Kirangozi akifika kisimani atakaa. Kiti kitawekwa jukwaani, kitafunikwa mkeka kisionekane cha plastiki.

Kirangozi kwenye kiti! Nimekubali, kwa sababu ningekataa ningebaki na kitenge na kipaza sauti. Nimefika nyumbani nikalia. Hasira tu.

Alhamisi, 31 Julai

Nimemaliza kushona mtumba wangu, ule mzigo wa nguo wa msafara. Ndani vipande vya mashati ya shule, nje mkeka, kamba ya katani. Umekaa begani vizuri, palepale pa zamani.

Mazoezi ya mwisho na kiti. Mambo yanakwenda, lakini yamepoa. Ninaketi, Yona anatania kwa adabu, ninajibu, tunapewa maji. Faraja kapiga makofi. Yona hakunitazama usoni.

Goti nimelikanda kwa mafuta ya moto.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika kabla sijavua hata viatu.

Tulianza saa kumi, jua bado lipo. Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Wamekuja watu wa Cheyo wote, wauza nyama, masista, wazee wa Kiislamu wa pale mtaa wa sokoni na kanzu zao za Ijumaa. Nilipoanzisha wimbo kutoka nyuma ya ukumbi, kuna bibi mmoja akaupokea kabla ya vijana. Alikuwa ameusikia akiwa msichana. Nikapita katikati ya watu, mzigo begani, msafara nyuma yangu. Sauti ilikuwepo. Ilikuwa inanisubiri.

Tukafika kisimani. Nikaweka mzigo chini, nikaketi kwenye kiti changu, kirangozi wa mkekani.

Yona akanyanyuka pale kisimani. Akaliacha neno alilozoea kuanza nalo mazoezini. Akanizunguka taratibu. Niliona Faraja pembeni kashika kichwa. Yona akaufunua mkeka, kiti chekundu kikaonekana chote. Akawageukia watu.

"Mnyamwezi na kiti wapi na wapi? Babu yake kabeba viti vya watu mpaka Pwani, hakukalia hata kimoja. Mtumwa wangu, nyanyuka!"

Mama mmoja mbele akasema Yesu wangu. Yona alikuwa amenikazia macho, macho ya mtani, hayana huruma hata kidogo. Hakukuwa na Bibi ndani yake.

Nikanyanyuka. Sikushika kitu. Akakichukua kiti, akakiweka juu ya kichwa chake, akacheza nacho kuzunguka kisima, akakitua na kukikalia kama chifu. Kisha akauokota mtumba wangu, akanitwika begani.

Nikasema, "Kalia, Mgogo. Ndicho kitu cha kwanza umepata bila kuomba."

Ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja kaangusha fimbo. Yona mwenyewe alicheka mpaka kikamtoka kikohozi, halafu akarudi na lingine, nami nikampa lingine, na lingine. Sijui tulikaa pale muda gani. Faraja ananiambia tulizidisha sana, na kwamba mwisho aliacha kutazama saa akakaa chini na vijana. Wakati wote huo nilikuwa nimesimama na mzigo begani. Goti hata halikunikumbuka.

Nikamshinda. Akanipa maji kwenye kibuyu, maji kweli, ya baridi. Nikanywa mbele ya Tabora nzima.

Ninajivunia. Siongezi neno.

Jumatatu, 4 Agosti

Goti limevimba. Vifungo vya watu vinangoja.

Saa tatu Yona kapita dirishani akienda kazini. Hakuniamkia. Kauliza, "Mtumwa wangu, hujafa tu?" Nikamjibu nilikuwa nasubiri ruhusa yake.

Kiti anacho dukani, wateja wanakalia. Anataka jogoo ndipo akirudishe. Kofia yake ninayo na sitoi. Tukabishana kidogo, jirani akatoka kutazama nani anamkosea Bibi Tereza adabu.

Alipotaka kuondoka nikamwambia habari ya Chibago na ahadi yake. Kwamba kuna Mgogo aliyeniahidi kazi na hakuifanya. Yona hakucheka. Akasimama, akaegemea dirisha, akafikiri kama fundi anayepima kazi. Akauliza siku hiyo avae nini cha kwangu, viatu au nini.

Nikamwonyesha sweta.

Akalitazama vizuri. Akasema hilo hilo, watu watamjua mara moja, ila sweta gani la mtu mzima halina kifungo. Akaenda zake.

Jua limetoka vizuri leo. Nimekitafuta kifungo kwenye kopo, nimepata kinachofanana. Nimekishona.