Uyoga Wangu Haulali Kwenye Plastiki

Alhamisi, 22 Septemba

Mvua imekatika. Nimekwenda kwenye sehemu yangu ya siri msituni, nimerudi na kikapu kimejaa uyoga wa kahawia. Macho yana ukungu, vidole havina! Shina likiwa tupu kama mrija, ndio huo. Likiwa limejaa, ni ule wa rangi ya kutu, unaoua figo – tupa kule. Nimekata kwa kisu, nimepiga brashi palepale msituni. Nyumbani nimeutandaza juu ya magazeti, chumba cha baridi. Kuuosha? Thubutu!

Marketta kapiga simu. Eti mama, na miaka sabini na tisa hiyo, msituni unatafuta nini? Eti kuna nyumba nzuri ya wazee mjini Kajaani, chumba kina dirisha. Dirisha! Nimemkatia simu binti yangu mwenyewe.

Jumamosi, 24 Septemba

Marketta kaja. Njiani kasimama kando ya barabara, kachuma uyoga wake, kautia kwenye mfuko wa plastiki. Saa mbili nzima ndani ya gari lenye joto! Umetoka jasho, unateleza, unanuka. Sijafungua mdomo, keshaumwaga juu ya wangu.

Mara kapiga ukelele. Kashika uyoga wa kutu.

“Unaona, mama? Ungetuua! Basi, imetosha. Msituni huendi tena.”

Nikamnyang’anya. Shina limejaa. Chini lina udongo, limeng’olewa zima.

“Mwanangu, mimi nakata. Huu nani kaung’oa?”

Akaketi, akalia. Sikumbembeleza. Tumetupa wote, wake na wangu. Kikapu kizima! Roho inaniuma mpaka sasa.

Jumapili, 25 Septemba

Hili naliandika hapa tu. Jana ile rangi ya kutu sikuiona. Nilitazama na kutazama – kahawia tupu. Bila kuushika nisingeujua.

Lakini mimi nashika! Mmoja mmoja, miaka sitini sasa. Nani kafa?

Marketta kavaa buti zangu za zamani. Nionyeshe sehemu yako, mama, nikuchumie. Kasema taratibu, hana ugomvi leo. Ndiyo maana naogopa. Huku kwetu sehemu haionyeshwi, hata kwa mtoto uliyemzaa. Mama yangu alinionyesha mwaka ambao miguu ilimgomea. Nilimpeleka kwa toroli. Hakurudi tena msituni.

Mimi natembea!

Yuko mlangoni. Ukitoka, kushoto ni sehemu yangu, kulia ni msitu wa kila mtu. Mfuko wake wa plastiki nimeutia kwenye pipa la taka. Nimempa kikapu. Nimempa na kisu cha mama – sijui kwa nini, mkono umefanya wenyewe. Sasa anauliza tunaelekea wapi.

Nakuja, nakuja! Brashi nimeishika mimi. Na mbele natangulia mimi –