"Pole" ya Mama Atieno

Jumanne

Magoti tena. La kushoto limefura. Nimelikanda kwa barafu na bado linauma, na uchovu wa kazi uko palepale. Naogopa siku litakataa kabisa. Nisipokimbia huwa nagombana na kila mtu.

Kila asubuhi nikipita mbio hapa mtaani Woodley, jirani yangu Mama Atieno, akifagia mbele ya geti lake, huniambia, "Pole!" Inanikera sana. Kwani nani amemwambia mimi ni mgonjwa?

Leo goti lilinibana, nikapita kwake nikitembea.

"Pole pole, mami," akasema. "Hivyo ndio sawa."

Kumbe miezi yote alikuwa akiniambia hivyo, ila mimi nilikuwa nishakata kona kabla ya "pole" ya pili.