Majani Ambayo Hata Mbuzi Hawayagusi

Jumatatu, 3 Machi
Presha juu tena. Vidonge vimenichosha. Leo nimechemsha majani ya ule mti wa maua nyuma ya nyumba. Mbuzi wa jirani wanatafuna kila kitu, hata kola za wateja wangu kwenye kamba, lakini mti ule hawaugusi. Ukiona mbuzi anakiogopa kitu, hiyo ni dawa kali! Chungu ajabu. Mama mkwe naye ana presha — nimemfungia mfuko mzima, nikamtumia pamoja na mashuka yake niliyomfulia. Ajue binti yake hakuolewa na mtu wa hivihivi.

Jumatano, 5 Machi
Jana vikombe viwili, leo kimoja. Kichefuchefu. Mashati ya mwalimu nimeyafua mara tatu — bado ya njano! Mke wangu kayaangalia, kisha kaniangalia mimi. Eti meupe pe. Nikamwambia nina miaka ishirini ya udobi, asinifundishe weupe. Nikainuka kwa hasira. Nikaanguka ndani ya beseni.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Moyo unapiga mara thelathini na nane kwa dakika. Daktari, binti mdogo, mkali kama pasi, anasema majani yale ni sumu: yanaupunguzia moyo mwendo, na potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unaweza kusimama kabisa. Hata ule unjano ni sumu inachezea macho. Kumbe mashati yalikuwa meupe! Mke wangu kasikia yote.

Nilimweleza daktari habari ya mbuzi. Akaandika kwenye faili. Sijui kaandika nini.

Shemeji kaja na chane ya ndizi. Nesi kaichukua palepale — ndizi zina potasiamu tele. Sasa jirani wa kitanda cha pili anakula ndizi zangu huku ananipa pole.

Naogopa. Kufa kwa ujinga, tena mbele ya shemeji!

Ijumaa, 7 Machi
Arobaini na sita! Daktari kauliza kama kuna mwingine aliyekunywa. Nikasema hapana, nyumbani ni mimi tu.

Kidogo simu ya mke wangu ikalia. Mama yake. Mfuko! Mungu wangu, ule mfuko! Mke wangu kaweka spika. Mama mkwe anashukuru, anakunywa asubuhi na jioni, tumbo tu linamsokota kidogo. Halafu akashusha sauti, kwa adabu:

"Ila mkwe wangu, mashuka yangu mbona umeyarudisha ya njano?"

Mashine ya moyo, iliyojikokota tangu jana, ikaanza kukimbia. Nesi kaja mbio. Nikamwambia si mimi, ni huyo kwenye simu!

Sasa daktari ndiye aliyeishika simu. Anamwambia aweke kikombe chini, gari linamfuata. Mke wangu ananitazama tu. Mama mkwe anasema wamsubiri amalizie kilichobaki, si vizuri kumwaga zawadi ya mkwe.