Viti Viwili vya Wazazi

Nairobi, 14 Novemba 1998

Dada yangu Madina,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila baridi ya huku bado sijaizoea. Garsen mvua imeshanyesha?

Jana chuo kilinipa tuzo ya mwanafunzi bora wa uzamili. Kila mshindi aliwekewa viti viwili vya wazazi. Vyangu vilikaa vitupu mpaka mpiga picha akaweka begi lake. Sikuwaalika, na nilifanya makusudi. Jukwaani walisoma kwa sauti mada niliyoandikia tasnifu: ile homa iliyomaliza ng'ombe wa Baba baada ya mafuriko ya mwaka jana. Nimeisomea miaka miwili, Madina, na sikumwokolea hata ndama mmoja.

Mwambie nimeshinda. Akiuliza nimeshindia nini, sema mambo ya vitabu tu. Picha nimeitia humu. Ukimwonyesha, kunja upande wa viti.

Nduguyo,
Abduba