Gari Hufuata Macho

Dada,

Najua barua zangu huzifungui. Hii isome, hata kwa hasira.

Nimejiunga na mafunzo ya udereva wa kasi kwenye klabu ya magari, darasa la wanaoanza. Wanamwaga maji kwenye lami, wanapanga koni, halafu unaambiwa ukanyage mafuta mpaka gari liteleze. Jumamosi niligonga koni ileile mara sita. Mwalimu wetu, mzee tunayemwita Breki, akacheka: "Mbona unaikodolea macho? Gari hufuata macho. Tazama pa kupita!"

Mara ya saba nikatazama pa kupita, nikapita. Nikashuka, nikakaa palepale kwenye maji, nikalia mpaka wenzangu wakazima magari yao.

Siku tuliyomzika mama uliniuliza swali moja tu: "Kama ulimwona, mbona hukumkwepa?" Jibu ninalo sasa. Gari lilipoteleza kwenye mvua ile, yeye alikuwa amesimama kando na mwavuli wake, na pa kupita palikuwepo, tena papana.

Lakini nilimtazama yeye, dada. Nilimtazama yeye tu.

Nijibu, hata kwa matusi.

Mdogo wako, kama bado ni wako.