Dada kapanda choroko zangu bondeni, sasa anataka kuingiza mbuzi

Mshauri, nisikilize kabla sijafanya la kujutia, maana nina hasira, na nyumbani siwezi kuongea na mtu bila kuishia kupigiana kelele, basi nimeona bora nikuandikie wewe usiyenijua.

Mimi ni mtafiti wa mbegu katika kituo cha kilimo, na kazi yangu, wanaoniona wanacheka, ni kuzamisha choroko. Nazipanda kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, zikishaota vizuri najaza maji mpaka udongo unafunikwa, halafu natazama ipi inakufa na ipi inabaki. Choroko haiwezi maji yaliyotuama, mizizi inakosa hewa, majani yanageuka njano, na ukirudi shina limeoza. Lakini iko choroko mwitu inayoota kandokando ya madimbwi, punje zake ndogo na ngumu, na ganda likikauka linapasuka na kumwaga mbegu zote chini, yaani haifai kwa mkulima, ila ikizingirwa na maji inatoa mizizi mipya juu kwenye shina na kuendelea na maisha yake kama vile hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo niliyoichanganya na choroko yetu ya kawaida, chavua kwa kibanio, ua kwa ua, mpaka macho yakauma. Kizazi cha kwanza nilichokitia majini kilikufa chote, mkuu wa kitengo akaniambia niachane na ndoto, nami nikakataa, kwa sababu nilishuku kwamba kinasaba cha kuvumilia maji kinajificha, mmea usipokirithi kwa baba na kwa mama pia hauonyeshi chochote. Ndugu zao niliokuwa nimewapanda pakavu wakazaa, nikawazamisha baadhi ya watoto wao, yaani wajukuu wa ile choroko mwitu, na kweli, wengi walioza lakini wachache wakasimama. Nililia mle kibandani, mshauri, kwa furaha.

Mbegu za hao wajukuu ambazo sikuzizamisha nikaziweka ghalani nizipande shambani mwenyewe. Kwa macho zote ni sawa, huwezi kujua ipi ina urithi huo na ipi haina, mpaka maji yaje.

Sasa dada yangu. Ni mkubwa wangu, nyumbani tunamwita Kamanda tangu utotoni, na analima bondeni, ambako mvua ikikata maji yanabaki yamekaa tu. Aliposikia mezani kwa mama kwamba nina choroko isiyokufa majini akaniomba mbegu, nikamwambia bado. Msimu uliofuata akaomba tena, nikamwambia bado. Akasema, "Hiyo choroko unamsomea nani, kama si sisi tunaozama?" akanuna, na mimi nikanuna.

Mume wangu ndiye mtunza ghala wa kituo. Siku nilipokwenda kuchukua mbegu zangu nilikuta ndoo tupu. Nikamwuliza, akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa hata na vumbi.

"Nilimpa shemeji," akasema.

"Zote?"

"Ni mtu wa nyumbani, mke wangu. Kila siku ananipigia simu. Ulitaka nimwambie nini?"

"Ungemwambia si zako!"

Mbegu zilikuwa zimeshaingia ardhini. Mvua ikaja, bonde likajaa, na kilichotokea ni kile nilichojua kitatokea. Dada akaja kituoni na mzigo wa choroko zilizooza, akaumwaga juu ya meza yangu, matope yakaingia kwenye kompyuta, mkuu akiwa amesimama pale pale na mume wangu yuko mlangoni na funguo za ghala mkononi. "Haya, msomi! Hii ndiyo ile isiyokufa? Umeniulia msimu mzima kwa makusudi!" Nikamwambia yeye ni mwizi. Akasema, "Sikuiba, nilipewa!" Mkuu akauliza, "Na nani?" Dada akamtupia jicho mume wangu, akafunga mdomo, akaondoka. Tangu hapo mkuu ananidai mimi jibu, mama hapokei simu zangu, na mume wangu ananiambia niende nikamwombe dada msamaha. Mimi! Niombe msamaha mimi!

Na kinachoniua zaidi ni hiki, nilipita barabara ya bondeni nikaona shamba lake, na katikati ya ule uozo wote kuna moja hapa na nyingine kule zimesimama kijani kibichi, zina maganda, na maganda yameanza kuwa meusi, dalili ya kukomaa. Hakuna pipa linaloweza kunipa kitu kama hicho. Hizo zimerithi pande zote mbili, watoto wao hawatageuka tena, wote watavumilia maji. Lakini dada amemwambia mama kwamba Jumamosi anaingiza mbuzi wamalize kila kitu, na hata asipoingiza, maganda yakikauka yatapasuka na kazi yangu itamwagika topeni. Nimefikiria kwenda alfajiri nizichume wakati yeye amelala, kwani si ni zangu? Nimefikiria pia kumtaja mume wangu kwa mkuu afukuzwe, ajue kazi za watu si karanga za kugawa mlangoni. Nifanye nini?

Mwenye Choroko

*

Mwenye Choroko,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na gazeti hili linatoka Jumapili. Mbuzi wa dada yako hawasomi magazeti. Kwa hiyo nilipiga namba uliyoandika chini, na wasomaji waniwie radhi kwamba sehemu ya jibu hili ulishaisikia, tena kwa sauti ya juu.

Hasira yako ni halali. Naanza na hilo ili usije ukasema sikukuelewa. Mtu amechukua kazi ya macho yako na mgongo wako akaigawa kama maji ya kisimani, halafu anakutuma wewe ukaombe msamaha. Mimi ningevunja sahani.

Lakini na wewe, mama, umezidi. Dada yako amekuomba mbegu msimu baada ya msimu, na kila mara ulimpa neno moja. Bado. Hukumleta hata mara moja akaona yale mapipa. Hukumwambia, "Hizi bado ni mchanganyiko, nyingi zitakufa, sijui zipi." Mimi niliyeishia kupanda maua ya kopo umenieleza kwenye karatasi nikaelewa mara ya kwanza. Kamanda angeshindwa nini? Ulimwona hana kichwa cha kuelewa, au ulipenda tu iwe siri yako? Usinijibu mimi. Jijibu.

Na hilo la kwenda alfajiri lifute kabisa. Mbegu zilikuwa zako, sawa. Shamba ni la nani? Jasho la palizi la nani? Msimu uliooza ni wa nani? Unataka kumwibia usiku aliyekutukana mchana, halafu kesho usimame useme mwizi ni yeye?

Ndiyo maana nilikuambia uende kwa dada yako, tena mchana kweupe, upite mlango wa mbele. Ukanikatia simu. Sikukasirika, nimeshakatiwa na wengi.

Alhamisi ukanipigia, bado unafoka, lakini ulikuwa umekwenda. Ulimkuta zizini.

"Umekuja kucheka?" akakuuliza.

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Zile zilizo hai."

Akaweka ndoo chini. "Nitazame usoni. Ulijua zitakufa?"

"Nyingi, ndiyo."

"Na hukusema!"

"Nilisema bado."

"Bado ndiyo jibu la kumpa mtu mwenye jembe mkononi? Ungesema zitakufa ningeziacha! Ungesema!"

Mkafokeana mpaka majirani wakatoka kusimama uani kwao. Ulimwambia kuhusu ghala, kuhusu ile ndoo tupu, kuhusu miaka ya kibanio na maua. Naye akakwambia alivyoamka asubuhi akakuta bonde lote limegeuka njano, na kwamba alikaa kwenye tuta akaona haya kurudi nyumbani kwa sababu alikuwa ameshawatambia wenzake kwamba mdogo wake ametengeneza choroko ya ajabu. Akaingia ndani akatoka na mifuko miwili, mmoja akakutupia kifuani.

Mlianza kuchuma, wewe upande ule, yeye upande huu, matope mpaka magotini. Mlipokutana katikati akatazama mfuko wako, akasema, "Nusu zangu." Ukasema, "Nusu zako." Basi.

Uliniuliza kwa nini hamkukumbatiana. Nani kasema lazima mkumbatiane? Bado una hasira, naye anayo, na choroko ziko mfukoni. Kwa wiki moja hiyo inatosha.

Sasa sikiliza. Kabla hajazigusa hizo nusu zake, mwambie ukweli wote, hata usiopendeza: kwamba zitasimama kwenye maji, lakini maganda yatapasuka, achume mapema na mara kwa mara, tena apande kipande kidogo, asilijaze bonde. Kama kuna kitu hukijui, sema hukijui. Na shamba lililobaki tupu linasubiri kupandwa upya. Vaa buti ukamsaidie, hayo maelezo ya kisayansi mtapeana huko huko kwenye matuta. Mama yenu acha kumpigia. Nenda ukakae kwake, hata kama atakununia jikoni.

Mumeo nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyenipandisha presha. Ulisema kwenye simu kwamba unamsamehe, maadamu dada ametulia. Mbona haraka hivyo? Mbele ya mkuu, dada yako mwenye shamba lililooza alifunga mdomo ili kumlinda yeye, na mwanaume mzima akasimama mlangoni na funguo mkononi akakubali kulindwa. Tangu siku hiyo wewe ndiye unayedaiwa jibu, na yeye analala usingizi.

Usimtaje. Usimfiche pia. Mwambie leo, mezani, chakula kikiwa bado hakijapakuliwa, kwamba Jumatatu ataingia ofisini kwa mkuu na kusema kwa mdomo wake, "Ni mimi niliyetoa zile mbegu." Akifukuzwa, mtatafuta namna ya kuishi kama mke na mume wengine wanavyotafuta. Asipofukuzwa, bado ana deni la kukuomba radhi, na yeye ndiye aombe, si kukutuma wewe.

Usimsindikize. Na shati la kuvaa siku hiyo, alipige pasi mwenyewe.