Kiti cha Marwa Kwenye Shindano la Historia

Gasenyi, Bujumbura
9 Novemba 2025

Mpendwa Yaya Gaspard, kaka yangu,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku. Mnaendeleaje huko Winnipeg? Baridi imeshaanza kuuma? Na goti lako limepona? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mvua imeanza, njia ya kwetu ni matope matupu.

Unamkumbuka Marwa, binti wa mzee Hamoud, wale Waarabu wenye duka la vyombo linalotazamana na langu la vitenge kule mtaa wa Asiatique? Wateja wakipungua tulikuwa tunaulizana historia: wafalme, vita, mikataba. Mwaka huu tukajiandikisha kwenye shindano la watu wazima la historia ya Ulaya na Amerika. Mnashindana wawili wawili. Marwa akachukua Amerika, mimi nikachukua Ulaya, na tukafika fainali.

Kisha mama yake akazidiwa. Familia nzima ikahamia Maskati kwa matibabu. Siku waliyofunga duka, Marwa alinishika mikono yote miwili.

"We enda tu, Nsimire. Hata kama mi siko."

Nikaenda. Muulizaji akatazama kiti kitupu.

"Mama, mwenzako iko wapi?"

"Alisafiri."

"Sasa utajibu ya watu wawili?"

"Nitajaribu."

Ya Ulaya sikukosa hata moja: Amani ya Westfalia, gereza la Bastille, ukuta wa Berlin. Halafu wakauliza ni rais gani wa Marekani aliyenunua Louisiana kwa Wafaransa. Yaya, nilijikuta nimeinama upande wa kushoto, nanong'ona, "Marwa, nani?" Maikrofoni ikachukua sauti. Ukumbi mzima ukacheka. Wapinzani wetu wakasema Jefferson, nasi tukawa wa pili.

Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikakaa. Hakukuwa na mtu wa kumsimulia. Nilisonga ugali, nikala kidogo, uliobaki nikampa jirani.

Nilimwandikia Marwa kwenye simu kwamba tumekuwa wa pili. Alifurahi sana. Mama yake bado amelazwa. Ile habari ya kuchekwa sikumwambia, ana mzigo wake.

Duka lao limepata mpangaji, kijana anayeuza simu. Ni mtu mzuri, ananisalimia kila asubuhi. Lakini tangu Marwa aondoke, watu wote wananiuliza bei tu. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ukinipigia, usianze na afya yangu, maana nitakujibu tu kwamba ni mzima. Niulize swali. Hata la Napoleon, hata lile rahisi kabisa.

Nisalimie shemeji Esperance, na Destin umwambie shangazi yake anataka picha yake akiwa amevaa koti kubwa. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda sana,
Nsimire